Kiwanja chetu ni mteremko na mawe matupu: je, tujenge shule ya ghorofa?

"Habari za kazi, ndugu msanifu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi hapa Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Tuna watoto wapatao 900 na madarasa nane, kwa hiyo wanasoma kwa zamu mbili, na wa mchana wanatoka saa kumi na moja. Kiwanja ni kama ekari moja, kiko kwenye mteremko, mawe makubwa yametapakaa, na nyumba za watu zimetuzunguka pande zote. Tumeahidiwa fedha na wahisani, na halmashauri imetuambia tuandae mapendekezo. Sote tumekubali ghorofa, ila umoja wetu umeishia hapo. Mwenyekiti anataka jengo litazame ziwa, liwe na vioo vikubwa na viyoyozi. Fundi wetu anasema tupandishe ghorofa juu ya madarasa ya zamani tuokoe gharama ya msingi, kwa sababu chini ni mwamba mtupu. Mwalimu mkuu anataka paa la zege ili watoto wachezee juu. Wahisani nao wanasisitiza jengo liwe endelevu, na sisi tunaelewa hilo kuwa ni sola. Tuanzie wapi? Na je, ghorofa inafaa kweli kwa watoto wadogo?"

Ndugu mjumbe, asante kwa kunieleza kiwanja kabla ya kunieleza jengo. Wengi huniletea picha ya jengo walilolipenda kwingine, kisha wanauliza litaingiaje kwenye ardhi yao. Wewe umeanza na mteremko, mawe na majirani, na majibu ya maswali yako mengi yamo humo humo. Nikikuelewa vizuri, kinachowanyima usingizi ni kwamba fedha hizi zimekuja mara moja. Jengo la zege likikosewa hakuna wa kulisogeza wala kuligeuza, na watoto wenu na wajukuu wenu watasoma ndani ya kosa hilo. Mna haki ya kuogopa, na ni vizuri mmeogopa mapema.

Naanza na swali lako la mwisho. Kwa kiwanja hiki, ndiyo, jengeni ghorofa. Watoto 900 wakikaa 45 kila darasa, kama mwongozo wa shule za msingi unavyotaka, mnahitaji madarasa 20. Darasa la mita 7 kwa 9, pamoja na baraza la mita 2 mbele yake, linachukua mita za mraba 81. Madarasa 20 yakitandazwa chini yanameza mita za mraba 1,620, na ekari nzima ni 4,047. Toa hapo vyoo, ofisi, jiko, mifereji ya mvua na mawe yasiyoondoka, halafu uniambie watoto 900 watasimama wapi saa ya mapumziko. Madarasa hayo hayo yakipangwa saba kila sakafu kwa sakafu tatu, yaani chini, ghorofa ya kwanza na ghorofa ya pili, yanakalia mita za mraba 567 tu.

Lakini msidhani ghorofa ni ya bei nafuu. Darasa la ghorofa ya pili hugharimu zaidi ya darasa la chini, kwa sababu linadai nguzo, slabu, ngazi na usimamizi wa karibu zaidi. Mnachofanya ni kununua uwanja wa michezo kwa zege. Mjini ambako jirani hauzi hata hatua moja ya ardhi, hiyo ni biashara nzuri, ila iingieni mkijua. Wala msizidi sakafu hizo tatu. Shule isiyo na lifti ikipanda zaidi inachosha walimu, na siku ya moto au tetemeko inachelewesha watoto kutoka. Awali, darasa la kwanza na la pili wakae chini daima.

Sasa ushauri wa fundi wenu, na hapa nitasema bila kuzunguka: msipandishe chochote juu ya madarasa ya zamani. Kuta zile zilijengwa kubeba mabati na kenchi zake. Msingi wake ni mkanda mwembamba wa mawe chini ya tofali, hauna nguzo wala kitako cha nguzo. Slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka mtoto hata mmoja, dawati wala ukuta wa juu. Uzito huo ukishuka juu ya ukuta wa tofali usio na nguzo, ukuta hautatoa taarifa ndefu. Nadhani fundi wenu anawatakia mema, anataka kuokoa fedha. Lakini nchi hii imezika watu chini ya maghorofa, Kariakoo Novemba 2024 ikiwa bado mbichi kwenye kumbukumbu zetu, na shule hujaa watoto saa zile zile ambazo jengo linabeba mzigo wake mkubwa.

Maneno yake ya pili, kwamba chini ni mwamba mtupu, ni imani nimeikuta mtaa kwa mtaa hapa kwetu, kuanzia Igogo hadi Mabatini. Inaeleweka, maana jiji lenyewe tunaliita Jiji la Miamba. Ila angalia jinsi mawe haya yalivyopatikana. Chini yetu kuna matale, yaani mwamba wa graniti, na matale yana nyufa. Kwa muda mrefu mno maji ya mvua yaliingia kwenye nyufa hizo yakaozesha mwamba kidogo kidogo, pembezoni kwanza, mpaka ukawa kichanga. Katikati ya kila kipande pakabaki kiini kigumu cha mviringo. Kichanga kilipochukuliwa na mvua, viini vikabaki vimekaa juu ya vingine, kama mawe yale yaliyopandana ziwani pale kwenye Jiwe la Bismarck. Kwa hiyo jabali unaloliona kiwanjani linaweza kuwa kichwa cha mwamba ulioshuka mpaka chini kabisa, au linaweza kuwa kiini kilichokaa juu ya mchanga laini wa mwamba uliooza. Kwa macho, na hata kwa kugonga nyundo, hamtatofautisha.

Hatari kubwa zaidi ni jengo kuwa na mguu mmoja juu ya jiwe na mwingine juu ya udongo. Upande wa jiwe hautitii hata kidogo. Upande wa udongo unatitia milimita chache mwaka huu, nyingine mwakani baada ya masika. Jengo halijui kujikunja, kwa hiyo linapasuka katikati, mara nyingi kwa ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Dawa yake ni mbili. Ama nguzo zote zishuke mpaka zikutane na mwamba mama, ama jengo ligawanywe kuwa mabawa mawili yaliyoachana kabisa kuanzia msingi hadi paa, kila bawa likikaa juu ya ardhi ya aina moja. Mimi ningegawa kwa vyovyote vile. Madarasa saba kwa mstari ni mita 63, na zege refu hivyo hutanuka na kusinyaa kwa joto hadi lijipasue lenyewe. Bawa la madarasa manne na bawa la matatu, kila moja likifuata kimo chake cha mteremko, ni salama zaidi na pia hupunguza uchimbaji.

Kabla ya kuamua hayo, lazima mtaalamu wa udongo achimbe mashimo ya majaribio na kutoboa kwa mashine, na akifika kwenye jiwe aendelee kutoboa mita kadhaa ndani yake ili ajue kama ni mwamba au ni kiini tu. Hiki ndicho kipengele ambacho kamati hukikata kwanza bajeti inapobana. Kateni rangi, kateni vigae, kateni geti la mapambo. Hiki kiacheni.

Jambo moja zaidi kuhusu mawe. Msiruhusu mtu achimbe chini ya jabali lililo juu ya kiwanja, wala kulichoma kwa moto mpaka lipasuke, kabla mhandisi hajaliona. Jabali hutulia kwa sababu ya udongo ulio miguuni pake. Ukiuondoa udongo, umeondoa kabari. Nyumba za majirani zilizo chini yenu ndizo zitakazolipa.

Baada ya kusema yote hayo kuhusu hatari za mlima, niseme kwa nini ninauonea wivu mlima wenu. Kiwanja cha tambarare kikijengwa ghorofa, mtoto anayetumia kiti cha magurudumu hubaki chini milele, au mnamjengea njia ya mteremko. Njia hiyo, kwa kipimo kinachokubalika cha kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu, ikipanda sakafu moja ya mita 3.3 inahitaji karibu mita 40, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Kwenye ekari moja hamna pa kuiweka. Ninyi, kwa kuwa mko mlimani, nadhani mnayo barabara au njia ya juu na nyingine ya chini. Jengo likikaa kwa kukingama mteremko, sakafu ya chini inaingiwa kutoka upande wa chini, na ghorofa ya kwanza inaingiwa kwa daraja fupi kutoka upande wa juu. Sakafu mbili kati ya tatu zinafikika kwa magurudumu bila lifti. Maktaba, ofisi ya mwalimu mkuu na madarasa ya watoto wenye ulemavu viwekwe kwenye sakafu hizo mbili, ghorofa ya pili ibaki kwa darasa la tano hadi la saba. Na siku ya moto, daraja hilo hilo ni mlango wa pili wa kutokea. Msanifu atakayewaletea mchoro unaoanza kwa kusawazisha kilima chote kwa buldoza, mrudishieni mchoro wake kwa heshima.

Nije kwa mwenyekiti na ziwa lake. Namwelewa, hata mimi nyumbani kwangu nimeweka kiti panapoonekana maji. Lakini kwa sehemu kubwa ya Nyamagana, kutazama ziwa maana yake ni kutazama Ghuba ya Mwanza, yaani magharibi. Na magharibi ndiko jua linakokwenda wakati watoto wa zamu ya mchana wako darasani.

Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halituachi upande mmoja. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi linapita kidogo kusini mwetu, miezi iliyobaki linapita kaskazini. Kote huko liko juu sana. Hata Juni, linapoegemea kaskazini kuliko wakati wowote, kipenu cha mita 1 juu ya dirisha la kaskazini kinatupa kivuli cha mita 2 ukutani saa za adhuhuri. Desemba upande wa kusini kivuli kinazidi mita 2.5. Yaani madirisha ya kaskazini na kusini hufunikwa kwa kipenu cha kawaida tu, au kwa baraza la ghorofa ya juu. Dirisha la magharibi lina shida nyingine. Kufikia saa kumi alasiri jua limeshuka, na kipenu kile kile cha mita 1 kinatoa kivuli kisichofika mita moja. Saa kumi na moja sehemu kubwa ya dirisha iko juani. Mtoto anakunja uso, mwalimu anafunga pazia, pazia linazuia upepo, kisha mnawasha taa mchana kweupe na kununua kiyoyozi cha kuondoa joto mlilolikaribisha wenyewe.

Kwa hiyo urefu wa jengo ulale mashariki kwenda magharibi, madirisha ya madarasa yatazame kaskazini na kusini. Kama mteremko wenu umegeuka na hauruhusu hivyo kikamilifu, kupinda kwa nyuzi 15 au 20 kunavumilika. Ukuta wa mwisho wa magharibi uwe mzito, wa mawe ikiwezekana, na nyuma yake zikae ngazi na stoo, ziwe ngao ya joto. Halafu mpeni mwenyekiti zawadi yake: ncha ya magharibi ya baraza la kila ghorofa iachwe wazi, iwe pana kidogo, yenye benchi na ukingo imara. Watoto wote 900 wataliona ziwa wakipanda na kushuka, badala ya darasa moja kuliona huku likiungua.

Upepo wa ziwa mnao, na ni mali. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, na hewa baridi ya ziwani inakuja kuziba pengo lake, kwa kawaida ikitokea kaskazini magharibi. Dirisha la kaskazini linaudaka vizuri hata ukija kwa mshazari. Masharti ni kwamba hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Watoto 45 waliokaa kimya hutoa joto linalozidi wati 3,000, sawa na pasi tatu za umeme zilizowashwa chumbani, pamoja na hewa chafu wanayopumua ambayo huwaletea usingizi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mchana wake wa kawaida ni nyuzi 28 hivi. Kwa hali hiyo ya hewa, hewa ikipita hamhitaji kiyoyozi hata kimoja.

Nitakueleza nilikojifunza hili. Miaka yangu ya mwanzo nilishiriki kuchora shule moja ya ghorofa katika mji mwingine wa Kanda ya Ziwa. Ili kubana nafasi, tuliweka korido katikati na madarasa pande zote mbili. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Nilirudi baada ya mwaka, saa nane mchana. Korido ilikuwa giza, taa zote zinawaka, milango ya madarasa imefungwa kwa sababu kelele za darasa hili zinaingia darasa lile, na kwa kuwa milango imefungwa hewa haikupita. Mwalimu mmoja alinionyesha safu ya nyuma, watoto wamelala juu ya madawati. Hakunilaumu. Alidhani ni uvivu wa watoto. Tangu siku ile sijachora darasa lenye dirisha upande mmoja. Baraza la nje upande mmoja, madirisha pande mbili, basi. Lina gharama zaidi ya kuta za nje, ninakubali, na ninawaombeni mlipe.

Kuhusu aina ya dirisha: yale ya alumini ya kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo dirisha la mita 2 ni dirisha la mita 1. Chagueni ya kufunguka kama mlango au louva, na juu karibu na dari muwe na matundu yasiyofungwa kabisa ili hewa moto itoke. Mkitaka neti kwa ajili ya mbu na wale wadudu wanaokuja kama mawingu kutoka ziwani, ongezeni ukubwa wa dirisha, kwa maana neti hupunguza upepo sana. Vioo vikubwa vya ukuta mzima sivishauri.

Paa la zege la kuchezea nalipinga, nikimwomba mwalimu mkuu radhi, maana najua anachotafuta ni nafasi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Oktoba 2018, mkoani Geita, radi iliua wanafunzi wakiwa shuleni. Sipendi kuwapandisha watoto kwenye sehemu ya juu kabisa ya jengo lililo juu ya mlima. Paa tambarare pia huvuja lisipotunzwa kila mwaka, na shule nyingi hazina fungu la matunzo. Wekeni mabati yenye mteremko, dari chini yake, na katikati ya hivyo viwili nafasi wazi ya kupitisha upepo, ili joto la bati lisiwashukie watoto wa ghorofa ya pili. Msanifu Diébédo Francis Kéré alifanya hivyo katika shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, mwaka 2001, akainua bati juu ya dari ya tofali kama mwavuli, na darasa likapoa bila umeme.

Kinga ya radi iwekwe na mtaalamu, na mumkumbushe kuhusu mwamba. Nguzo ya shaba ikipigwa kwenye matale makavu haimwagi umeme, kwa sababu jiwe ni kipitishio kibaya. Kwa kawaida hulazimika kuzungushia waya chini ya jengo lote na kuunganisha na nondo za msingi. Hilo hufanyika wakati wa kuchimba msingi. Baadaye ni kubomoa.

Nafasi ya kuchezea mtaipata chini. Vyumba saba kwa sakafu tatu ni 21, na madarasa ni 20: chumba hicho kimoja cha ziada kiwe cha sakafu ya chini, kiachwe bila kuta, kiwe ukumbi wa mvua na jua, mahali pa mstarini, kula uji na mikutano ya wazazi. Ila msiache sakafu nzima ya chini ikiwa nguzo tupu. Jengo la namna hiyo likitikiswa huvunjika miguu. Septemba 10, 2016 tetemeko la Kagera lililokuwa na kipimo cha 5.9 liliharibu shule, na sisi huku tulilisikia. Mwambieni mhandisi alihesabu hilo, na asimame mwenyewe kuangalia ringi za nondo kwenye maungio ya nguzo na bimu, maana ndipo mafundi wanapobania.

Maji. Mwanza hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Paa lenu pamoja na vipenu litakuwa kama mita za mraba 600. Mkidaka asilimia 80 mnapata lita 480,000 kwa mwaka. Watoto 900 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa siku, kwa siku 190 hivi za masomo, wanahitaji lita 855,000. Zaidi ya nusu inatoka juu ya vichwa vyenu. Msijaribu kujenga tenki la kuvusha kiangazi chote. Siku 60 tu zinadai lita 270,000, na fedha hizo zitajenga darasa. Jengeni la wastani, maji ya mvua yatumike kwa vyoo na usafi, ya kunywa yatoke kwenye bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mwanza. Tenki kuu likae upande wa juu wa kiwanja, ili maji yashuke yenyewe hata umeme ukikatika. Huo ni mlima ukiwafanyia kazi tena. Na yale yanayofurika yaelekezwe kwenye mfereji wa mawe wenye vizuizi vya kupunguza kasi, maana kila tone mnaloliachia linamkuta jirani wa chini, kisha Mto Mirongo au korongo jingine, kisha ziwa.

Vyoo kwa mwongozo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mkiwa na idadi sawa, hayo ni matundu 23 na 18. Yapangeni kwenye jengo jembamba la pembeni, upande wa kusini mashariki ambako upepo wa mchana unaelekea, liungane na kila sakafu kwa daraja dogo, na mabomba yake yashuke kwa mstari mmoja. Kila sakafu iwe na chumba cha wasichana chenye maji na ndoo yenye mfuniko. Shimo la kunywea majitaka msilichimbe kwenye mwamba. Majitaka hayanywewi na jiwe, yanatembea kwenye nyufa na kutokea uani kwa mtu. Waulizeni MWAUWASA kama mabomba ya majitaka yaliyowekwa milimani yanafika karibu nanyi, na kama hayafiki, mhandisi awape tenki lililozibwa linalonyonywa.

Sasa neno "endelevu" la wahisani. Sola ni nzuri, wekeni, taa za madarasa hazili umeme mwingi na baada ya miaka kadhaa mtabadilisha betri. Nimemaliza kuhusu sola. Uzito wa jambo uko kwenye saruji, ambayo viwanda vyake duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Jengo lenu litakuwa na saruji nyingi, hakuna namna ya kulikwepa, kwa hiyo kila mfuko ufanye kazi. Nguzo zikaribiane ili slabu na bimu ziwe nyembamba. Kuta za sakafu ya chini na za kuzuia udongo zijengwe kwa mawe ya kiwanja chenu, kwa mikono ya mafundi wa hapa wanaolijua jiwe, na ziwe na matundu ya kutolea maji. Kuta za juu zitumie tofali za kufungamana zilizoshindiliwa kwa mashine, badala ya zile za kuchoma zinazokula kuni. Na zege limwagiliwe siku saba mfululizo bila kukosa. Zege lililonyimwa maji siku ya pili ni saruji iliyotupwa, hata kama mlinunua mifuko yote.

Ngazi ziwe mbili, kila upande wa jengo, zisiwe mahali pamoja. Ukingo wa baraza ufike mita 1.1 na zaidi, wenye fito za wima zisizopitisha kichwa cha mtoto. Fito za kulala ni ngazi ya kupandia. Msiweke grili za nondo zenye kufuli kwenye njia za kutokea.

Watoto hawana pa kwenda wakati wa ujenzi, kwa hiyo jengeni bawa moja kwanza kwenye sehemu isiyo na madarasa, wahamie, ndipo mbomoe ya zamani na kuanza la pili. Uzio wa mabati kati ya mafundi na watoto ni lazima, na lango la malori liwe mbali na lango la shule.

Mimi nimejibu nikiwa sijakanyaga kiwanja chenu, kwa hiyo yapo ambayo barua haiwezi. Mnahitaji mtu wa kufika. Msanifu na mkadiriaji wawe wamesajiliwa na bodi yao ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, tena wa daraja linaloruhusu ghorofa. Ombeni namba zao na mzihakiki wenyewe. Michoro ipite halmashauri kwa kibali na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa ukaguzi. Na kuna mambo ya kutosubiri mradi: kama kuna ufa wa mshazari unaoingiza kidole kwenye madarasa ya sasa, mlango ambao ghafla haufungiki, au jabali la juu ambalo udongo umeanza kuondoka chini yake, mhandisi wa halmashauri aitwe wiki hii na watoto wasikae chumba hicho mpaka aseme.

Wakati mkisubiri, ifanyeni kazi hii ninyi wenyewe, haihitaji mtaalamu. Nendeni kiwanjani saa mbili asubuhi, saa saba na saa kumi, mchore kwenye karatasi vivuli vinaangukia wapi. Shikeni kipande cha kitambaa juu ya fimbo mwone upepo wa saa tisa unatokea upande gani hasa. Mvua kubwa ijayo, vaeni mabuti mfuate maji mpaka yanapotokea kwa jirani, na mwulizeni jirani huyo yamemfikia wapi mwaka wenye mvua kali. Pimeni kwa kamba tofauti ya kimo kati ya njia ya juu na ya chini. Karatasi hiyo pelekeni kwa msanifu siku ya kwanza, kabla hajafungua kompyuta yake.